Fumbo na Tendo: Usomaji wa Maandiko katika Insha ya Askofu Mwoleka wa Rulenge

Katika Kiswahili cha sala za Wakatoliki kuna maneno mawili yanayosimama mahali pa neno moja la Kilatini. Neno hilo la Kilatini ni mysterium. Padre akiwa altareni hulitaja kwa jina la fumbo, na watu huitikia. Lakini mwanamke mzee aketiye kibarazani jioni na rozari mkononi hulitaja neno lilo hilo kwa jina la tendo: Matendo ya Furaha, Matendo ya Uchungu, Matendo ya Utukufu. Tofauti hii aghalabu hupita bila kuangaliwa, maana kila neno limekwisha kuzoea mahali pake. Hata hivyo si tofauti ndogo. Fumbo ni kitu kinachoomba kufumbuliwa; mwenye akili hulikabili kama mtu akabilivyo kitendawili, na akishindwa hutoa mji. Tendo haliombi kufumbuliwa. Laomba kutendwa, au angalau kukumbukwa na mtu ambaye naye yuko njiani kutenda. Waprotestanti, kwa upande wao, walichagua neno la tatu. Tafsiri ya pamoja ya Biblia, iliyokamilika mwaka 1952, husema siri mahali pengi ambapo Mkatoliki angetazamia fumbo. Na siri haifumbuliwi wala haitendwi, bali hufichwa kwanza na kisha hufunuliwa kwa wanaostahili.

Christopher Mwoleka, aliyekuwa Askofu wa Rulenge tangu mwaka 1969 hata 1996, na aliyefariki mwaka 2002, hakuandika juu ya maneno hayo matatu. Insha yake inayojulikana kuliko zote, iliyotoka katika jarida la AFER mwaka 1975, iliandikwa kwa Kiingereza, na jina lake ni Trinity and Community, yaani Utatu na Jumuiya. Mwaka uliofuata likatoka katika matoleo ya Gaba kitabu chake kidogo juu ya ujamaa na jumuiya za Kikristo. Ni maandishi machache, ya mtu ambaye kazi yake haikuwa uandishi. Lakini hapana shaka kwamba ndani ya kurasa hizo chache imo hoja moja juu ya namna ya kusoma Maandiko ambayo yastahili kupimwa kama hoja, si kusifiwa tu kama wasia wa mchungaji. Na kipimo chake kizuri ni lugha ambayo waumini wake walisali kwayo, pamoja na nchi ambayo waliishi ndani yake.

Nchi yenyewe iko pembeni. Jimbo la Rulenge liliundwa mwaka 1960, na ndani yake zimo Ngara na Biharamulo, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi kabla ya kupewa jina la Kagera mwaka 1979. Ngara ni vilima: Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi, migomba iliyozunguka nyumba, na ng'ambo ya mito Burundi na Rwanda. Bugufi yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi mpaka Waingereza walipoitenga baada ya Vita Kuu ya kwanza. Biharamulo iko upande wa mashariki, ni nchi ya misitu mikubwa na watu waliotawanyika, na boma la Wajerumani bado lipo pale mjini. Katika zama za Waingereza wakazi wa sehemu za wilaya hiyo walikusanywa wakae pamoja kwa amri, kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Jambo hilo lifaa kukumbukwa, kwa kuwa litarudi. Kijiji ambacho askofu alikwenda kuishi kama mwanakijiji, akilima pamoja na wengine, ni Nyabihanga. Aliyeandika insha juu ya Utatu alikuwa na sugu mikononi.

Hoja ya insha yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Watu wengi, asema Mwoleka, huyakabili mafundisho ya Utatu kama swali la hesabu: vipi watatu wawe mmoja. Huko ni kuanzia mahali pasipofaa. Mungu hakuufunua Utatu ili kuzitaabisha akili za watu. Aliufunua kama kielelezo cha maisha. Nafsi tatu zina vyote kwa pamoja, hata hazihesabiwi kuwa miungu watatu, na mwanadamu ameitwa aishi vivyo hivyo. Basi mtu ataelewa Utatu kwa kadiri anavyoanza kuishi kwa kushiriki na wenzake, wala hataelewa kabla ya hapo. Kwa nini, auliza, Kanisa limekazia mno kuuabudu Utatu na halikukazia vivyo hivyo kuuiga? Ujamaa, kwa maoni yake, ulikuwa nafasi ya kuuiga kwa jembe na kwa chungu, hapa hapa duniani.

Hii si hoja ya mtu anayeyatoa mafundisho ya dini nje ya Maandiko ili apate kuyatumia katika siasa, kama walivyodhani baadhi ya wasomaji wake. Ni kanuni ya usomaji. Yasema kwamba kuna maneno katika Biblia ambayo maana yake haipatikani mezani, hata kwa msomi. Kwamba kutenda si hatua ya pili inayofuata baada ya kuelewa, bali ni sehemu ya kuelewa kwenyewe. Maandiko yanayoitegemeza kanuni hiyo si haba. Katika sala ya Yesu iliyomo katika sura ya 17 ya Injili ya Yohana, umoja wa Baba na Mwana hautajwi ili wanafunzi waustaajabie. Umetajwa kama kipimo cha umoja wao wenyewe, na dunia itaamini kwa kuuona. Kadhalika katika sura ya 7 ya Injili hiyo hiyo, Yesu asema kwamba atakaye kuyatenda mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua kama mafunzo hayo yatoka kwa Mungu. Kutaka kutenda kumewekwa kabla ya kujua.

Sasa hoja hii ikipelekwa katika Kiswahili, jambo la ajabu latokea. Katika Kiingereza, Mwoleka alilazimika kupigana na neno ambalo limekwisha kugeuka na kuwa jina la hadithi za polisi na wezi. Katika Kiswahili, fumbo halikugeuka. Limekuwa chemshabongo tangu mwanzo. Washairi hulifumba kwa makusudi ili wenye akili walifumbue. Kwa hiyo Mkristo wa Biharamulo aambiwapo kwamba Utatu ni fumbo, lugha yake yenyewe yamsukuma kule ambako askofu hataki aende: yamwambia kwamba lipo jibu, na kwamba asiyelipata ni mjinga au hakusoma. Baada ya hapo hufuata unyamavu. Mkulima hujiona hana elimu ya kutosha, humwachia padre, na padre humwachia mwalimu wake wa seminari. Lakini rozari, ambayo mkulima huyo huyo aijua kwa moyo, imemfundisha jambo jingine. Huko kuzaliwa kwa Yesu, kuteswa kwake na kufufuka kwake si mafumbo bali ni matendo. Haijulikani sana ni nani aliyechagua neno hilo kwanza, wala haidhuru. Alichagua vema kuliko wanazuoni. Yaweza kusemwa kwamba Mwoleka alitumia Kiingereza na elimu ya chuo ili afike mahali ambapo bibi mwenye rozari alikuwa amekwisha kukaa.

Neno jingine latoa nuru zaidi, nalo ni nafsi. Kiswahili husema Nafsi tatu. Wanasarufi nao husema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu: mimi, wewe, yeye. Tena kutoka katika shina hilo hilo lugha imezaa binafsi, na kutoka binafsi ikazaa ubinafsi, ambalo ni jina la kosa. Katika lugha nyingi za Ulaya jina la nafsi za Utatu na jina la uchoyo havina udugu wowote. Katika Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Mtu awezaye kusema kwamba katika Mungu kuna Nafsi tatu na hakuna ubinafsi hata kidogo amekwisha kuisema insha nzima ya askofu kwa sentensi moja, na wala hakuazima neno hata moja kutoka Roma. Ni hasara kwamba jambo hili halikuandikwa katika Kiswahili kwanza. Mwandishi angelazimika kulikabili, na hoja yake ingepata mizizi ambayo sasa haina budi kupandikizwa na msomaji mwenyewe.

Mahali ambapo Kiingereza kilimsaidia mwandishi kupita kiasi ni katika lile neno lake kuu, la kushiriki. Neno moja la Kiingereza hubeba mambo mawili: kukata mkate na kumpa mwenzako kipande, na kuwa na kitu kimoja pamoja naye bila kukikata. Kiswahili hakivumilii mchanganyiko huo. Kugawana ni kukata. Baada ya kugawana kila mtu ana chake na huenda zake, na ndugu wengi wamegawana shamba la baba wakawa maadui mpaka kaburini. Kushirikiana ni kufanya kazi pamoja, na washirika waweza kubaki wageni wao kwa wao. Tafsiri ya 1952, ilipofika kwenye habari za waumini wa kwanza katika Matendo ya Mitume, ilitumia neno shirika kwa vitu walivyokuwa navyo pamoja, na ushirika kwa maisha yao ya pamoja. Ni maneno mema, ila yana harufu ya biashara. Karne ya ishirini imeyapeleka kwenye vyama vya kahawa na kwenye makampuni ya reli. Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kihangaza, kina neno gusangira: kula au kunywa pamoja kutoka chombo kimoja. Mtu aliyeona pombe ya mtama ikinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake na pombe ikiwa moja, hana haja ya kufafanuliwa tofauti ya kugawana na gusangira. Hapo ndipo hoja ya Mwoleka ilipokuwa ikielekea. Utatu haugawani Uungu, maana ungekuwa miungu watatu. Na ujamaa ambao ungekuwa kugawana tu ungekuwa umaskini uliokatwa vipande vilivyo sawa.

Lakini huu haukuwa usomaji pekee wa Maandiko katika wilaya hizo mbili, wala haukuwa wa kwanza. Miaka mingi kabla ya Mwoleka kuwekwa wakfu, uamsho ulioanza Gahini nchini Rwanda ulipita Katoke, kaskazini ya Biharamulo, ukaingia Bugufi na kukaa Murgwanza, ambapo Waanglikana walikuwa na misheni, na ambapo leo pana kanisa kuu la Dayosisi ya Kagera iliyoanzishwa mwaka 1985. Ndugu wa uamsho nao walikuwa na kanuni ya usomaji, ijapokuwa hawakuiandika katika jarida. Kwao Maandiko hayakueleweka mpaka yamemchoma msomaji mwenyewe. Andiko lao lilikuwa sura ya kwanza ya waraka wa kwanza wa Yohana, isemayo juu ya kutembea katika nuru. Kutembea nuruni kulikuwa na maana iliyojulikana: kusimama mbele ya wenzako na kutaja dhambi yako kwa jina lake, kisha, kwa mfano wa Zakayo katika sura ya 19 ya Luka, kurudisha ulichoiba. Watu walirudisha fedha, vyombo na mifugo. Mwenye deni la miaka mingi alibisha hodi kwa mdai wake bila kuitwa. Mume na mke walipatanishwa. Baadaye wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza uliimbwa, hata na wasiojua Kiganda.

Wapo watakaosema kwamba usomaji huu ni wa mtu mmoja mmoja na ule wa Rulenge ni wa jamii, na kwamba wa pili ni bora kwa Mwafrika. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mtu arudishaye mbuzi wa jirani amefanya tendo la kijamii ambalo hakuna mkutano wa kijiji uliomwamuru alifanye. Tena ndugu wa uamsho waliitana ndugu bila kujali kabila na rangi, wakati ambapo mmisheni Mzungu na mwalimu Mwafrika aghalabu hawakula meza moja. Udhaifu wao ulikuwa mahali pengine. Waliyasoma Maandiko kama kioo, na katika kioo mtu huona uso wake. Hakioneshi bei ya kahawa, wala sheria ya ardhi, wala nani ana mamlaka na nani hana. Mwoleka aliyasoma kama ramani. Ramani huonesha nchi nzima, ila yaweza kusomwa na mtu asiyejitazama hata mara moja. Ndugu wa Murgwanza wangemuuliza askofu swali moja tu: je, mwanakijiji aliyehamia katika kijiji cha ujamaa akiwa mwizi, atatoka humo akiwa nani?

Swali hilo si la dharau, na Matendo ya Mitume yenyewe yanaliuliza. Sura ya pili na ya nne zasimulia jinsi waumini walivyokuwa na vitu vyote pamoja na jinsi wenye mashamba walivyoyauza, na Barnaba atajwa kwa sifa. Wapenzi wote wa ujamaa wa Kikristo husimama hapo. Lakini mwandishi wa kitabu hakusimama. Mara baada ya Barnaba amemleta Anania na mkewe Safira, ambao waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya thamani yake, na kuleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Aghalabu kisa hiki huhubiriwa kama onyo juu ya uchoyo. Msomaji makini ataona kwamba Petro hakumlaumu Anania kwa uchoyo. Alimwambia kwamba kabla hajauza, mali ilikuwa yake, na baada ya kuuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa ni kwamba amesema uongo. Maana yake ni nzito. Jumuiya ile ya kwanza haikuwa na sheria ya kunyang'anya. Anania angeweza kubaki na kiwanja chake na kubaki hai. Ushirika wa vitu ulisimama juu ya hiari, na hiari ilipogeuzwa kuwa maonyesho, ikaua.

Mnamo Septemba 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa maelezo yake juu ya ujamaa vijijini, alisisitiza kwamba watu wasilazimishwe. Mnamo Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, bali ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 Watanzania wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Insha ya Mwoleka ilitoka mwaka 1975, katikati kabisa ya muda huo. Msomaji wa leo hawezi kuisoma bila kuisikia miaka hiyo nyuma ya kila mstari. Methali yasema hiari yashinda utumwa. Na kama hoja ni kuiga maisha ya Utatu, basi methali hiyo ni ya lazima ndani ya hoja, wala si pambo. Hakuna ayesema kwamba Baba anamlazimisha Mwana. Kijiji kilichoundwa na lori la serikali chaweza kuwa kijiji kizuri chenye shule na maji, lakini hakiwezi kuitwa mfano wa Utatu kwa sababu tu watu wake wako pamoja. Katika Biharamulo, ambako wazee walikumbuka kukusanywa kwa sababu ya malale, kuhamishwa pamoja hakukuwa ufunuo mpya. Ilikuwa serikali kwa mara nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo Nafsi za Utatu hazina na mkulima wa Ngara analo, nalo ni mgomba. Shamba la migomba si kama shamba la mahindi. Rutuba yake hutokana na samadi iliyochukuliwa kichwani kutoka zizini kwa miaka na miaka, na na majani yaliyotandazwa na mikono ambayo mingine imekwisha kuzikwa kando yake. Mtu aambiwapo aliache ili alime shamba la pamoja kwenye ardhi iliyochoka, haombwi kutoa mali yake tu. Aombwa kutoa kazi ya baba yake. Katika Mungu hakuna mirathi, hakuna njaa ya mwezi wa Novemba, wala hakuna mtoto mgonjwa ambaye mama yake amechelewa kupalilia. Mfano wa Utatu unapoteremka mpaka shambani lazima ubadilike, na hapa ndipo insha ni fupi kuliko ipasavyo. Kwa upande wa mwandishi yaweza kusemwa kwamba hakuyajibu haya kwa kalamu. Aliyajibu kwa kwenda Nyabihanga na kuchukua jembe. Ni jibu la heshima, na linapatana na kanuni yake kwamba kuelewa huja kwa kutenda. Walakini mhakiki hawezi kuhesabu jembe kuwa aya.

Vijiji vya ujamaa vilikwisha kama mpango, na mashamba ya pamoja yaliachwa. Kilichobaki ni kitu kidogo zaidi. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wameamua, mwaka 1973 na tena 1976, kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, na Rulenge ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyolichukua jambo hilo kwa moyo. Nyumba chache za majirani hukutana mara moja kwa juma, zamu kwa zamu, katika nyumba ya mmoja wao, na kusoma Injili. Wengi hufuata njia ya hatua saba iliyotoka katika chuo cha Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililomgusa mtu, kunyamaza, kuambiana lililosikika moyoni, kuzungumza juu ya kazi ya kufanya, na kusali. Yeyote aliyehudhuria mikutano ya namna hii ajua kwamba hatua ya tano hunoga na hatua ya saba huwa ndefu, na ya sita ndiyo iliyo rahisi kurukwa. Si ajabu. Hatua ya sita ndiyo pekee inayoweza kugharimu kitu kesho asubuhi: nani atakwenda kumpalilia mjane, nani atarudi kwa ndugu yake waliyegombana juu ya mpaka. Jumuiya inayoiruka hatua hiyo imelirudisha tendo kuwa fumbo, na kwa kawaida haijui kwamba imefanya hivyo.

Mtihani mkubwa wa usomaji wote wa Maandiko katika wilaya hizi haukutoka katika siasa ya ujamaa. Ulitoka darajani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji uliozaliwa usiku mmoja. Nyuma yao kulikuwa na mauaji ya kimbari ya Watutsi, yaliyofanyika katika nchi ambayo walio wengi walikuwa wamebatizwa, na ambayo uamsho ulizaliwa ndani yake. Na miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliokimbia kwa hofu tu, na walikuwamo waliokuwa wameua. Wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji. Misitu ilikatwa kwa kuni, maji yakapungua, njia zikawa na hatari. Mwoleka alikuwa bado askofu. Nusu ya pili ya maisha yake alikuwa amefundisha kwamba Mungu ni kushiriki. Sasa waliofika hawakuwa wanakijiji wenzake wa Nyabihanga, wala hawakuja kwa hiari yao, wala wenyeji hawakuombwa hiari yao kuwapokea.

Katika siku hizo sura ya 10 ya Luka haikuhitaji mfasiri. Neno jirani, ambalo tafsiri za Kiswahili hulitumia pale, ni neno la nyumba na ua: jirani ni mtu ambaye moshi wa jiko lake waonekana. Mwanasheria aliyemuuliza Yesu alitaka mipaka ya neno hilo, apate kujua mwisho wa wajibu wake. Kwa mtu wa Ngara jirani alikuwa, kwa maana ya kamusi kabisa, yule wa ng'ambo ya mto. Na sasa amevuka, na mikononi mwake huenda mna damu. Usomaji wa Murgwanza uliuliza kama mtu huyu ametubu. Usomaji wa Rulenge uliuliza kama amekula. Maswali yote mawili ni ya Maandiko, na ugumu wa mwaka ule ni kwamba hakuna moja lililoweza kuachwa kwa ajili ya jingine. Waliopewa chakula bila kuulizwa neno walijipanga upya kambini chini ya viongozi wale wale waliowaongoza kuua. Na kama toba ingetakiwa kwanza, watoto wangekufa huku wakubwa wakingojewa wakiri. Mnamo Desemba 1996 serikali iliwataka wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, nao wakarudi kwa daraja lile lile, wengine wakisindikizwa na askari.

Yesu, katika kisa chake, hakumpa mwanasheria mipaka aliyoitaka. Mwishoni aligeuza swali: hakuuliza nani ni jirani, bali ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani kwa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Jina la mtu anayepokea likageuka kuwa jina la mtu anayetenda. Hapo kanuni ya Mwoleka yasimama imara, na rozari ya bibi pia. Lakini sala ya Yohana 17, ambayo hoja ya askofu yaiegemea, inasemwa kwa ajili ya wengi: wao wawe na umoja. Amri iliyomo mwishoni mwa kisa cha Msamaria imetolewa kwa mtu mmoja, aliyekuja peke yake na swali lake, naye aliambiwa aende akafanye vivyo hivyo bila kuahidiwa kwamba kijiji kitakwenda pamoja naye.